Kidonda Chenye Wageni

Kinyozi wetu aliomba radhi kabla ya kosa. Alivuta shavu lako kwa vidole viwili, akaweka wembe, akasema "samahani," na hapo ndipo alipokukata. Wateja wapya walidhani ni adabu. Wateja wa zamani walijua ni onyo, wakafumba macho. Jina alilopewa na wazazi lilipotea kama kifungo cha shati, sote tukabaki kumwita Samahani. Mkewe akawa Mama Samahani, na paka wa jirani aliyependa kulala juu ya mataulo akawa paka wa Samahani, ingawa yeye hakuwahi kumwomba radhi kiumbe yeyote.

Hakukata kwa ubaya, wala mkono wake haukutetemeka. Tatizo lilikuwa macho. Samahani hakuweza kuongeleshwa bila kugeuka. Alilelewa hivyo: mtu mzima akisema, unamtazama usoni mpaka amalize. Sasa chukua malezi hayo umkabidhi mtu mwenye wembe, ndani ya chumba kimoja chenye benchi la watu wanaobishana tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa. Ukitamka neno benchini, Samahani anageuka kukutazama kwa heshima zote, na wembe unaendelea na safari bila dereva.

Utauliza kwa nini tulirudi. Tulirudi kwa sababu ya kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la mafuta ya mtoto, na yule mtoto wa pichani alishafutika akabaki sikio. Ndani yake mlikuwa na dawa aliyoipika Samahani uani kwake, siku ambazo mkewe ametoka, maana sufuria ilikuwa ya mkewe. Alikata jani nene la mshubiri akalisimamisha kichwa chini ndani ya kikombe mpaka ule utomvu wake wa njano, unaowasha, umwagike wote. Kisha akalipasua na kukwangua ute kwa kijiko. Majani ya mwarobaini aliyachemsha kwa moto mdogo ndani ya mafuta ya nazi hadi mafuta yakawa ya kijani na majirani wakafunga madirisha. Akachuja kwa kitambaa, akatia manjano ncha ya kijiko na kipande cha nta ili vishikane, akakoroga na ule ute. Ikipoa, dawa ilifanana na siagi iliyokata tamaa.

Lakini ilituliza. Alikukata, akasema pole, akachovya kidole, akakupaka, na ule moto wa wembe ukazimika kama taa. Kabla hujarudi kukatwa tena, mchubuko ulishafunga. Manjano tu ndiyo hayakuwa na siri: kila aliyetoka kwa Samahani alikuwa na doa la njano shavuni, na mtaa mzima ulijua alikotoka. Fundi mwashi mmoja, mwenzetu wa benchi, aliwahi kumwambia mkewe kwamba ameshinda kazini akijenga ukuta. Mkewe akamtazama shavu, akamuuliza kama ukuta huo siku hizi unajengwa kwa wembe.

Aliyekuwa havutiwi na kopo ni mmoja tu, mdogo wa Mama Samahani, muuguzi wa chumba cha vidonda pale zahanati. Kwa Samahani alikuwa shemeji, na sisi nasi tukajipa ushemeji bila kuulizwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa "inauma" na kujibu "najua." Siku moja Samahani alimsifia dawa yake mpaka akaishiwa pumzi, na yeye akasema bila ugomvi, "Shemeji, mchubuko wa wembe unapona hata ukiuimbia."

Samahani alicheka, lakini aliumia kidogo. Lile kopo lilikuwa ndilo lililomwoza. Enzi akiwa kijana anaanza kazi, aliingia mzee mmoja akakaa kitini kimya, akaagiza kidevu. Samahani akamtambua kupitia kioo: alikuwa baba wa binti mshonaji ambaye Samahani alikuwa akimwandama, na mzee alikuja kumkagua. Basi akageuka kumwamkia ipasavyo, kwa macho yote mawili. Damu ikatoka. Kinyozi mwingine angetokea mlango wa nyuma na kuhama mji. Yeye alitokea mlango wa nyuma kweli, akavunja jani la mshubiri la mwenye nyumba, akarudi mbio, akampaka mzee huku akiomba radhi za miaka yote iliyobaki. Inasemekana mzee alipofika kwake alimwambia mkewe, "Kijana anakata, lakini hakimbii." Posa ikakubaliwa, na jani lile ndilo lililozaa kopo.

Hivyo ndivyo alivyoishi mtu huyu: akigeuka, akikata, akipaka, asiyeweza kumnyima mtu neno. Ukimwambia redio ipunguzwe, anapunguza. Mwingine akitaka iongezwe, anaongeza. Kuna siku redio ile ilichoka ikafa yenyewe.

Kisha akajikata mwenyewe, na wembe haukuhusika.

Kiti chake cha kunyolea kilikuwa cha chuma, alichonunua kwa daktari wa meno aliyefunga kazi, na wateja wake walikishika mikono vilevile kama walivyokishika wale wa kwanza. Kikanyagio chake kilivunjika zamani kikafungwa kwa waya, na ncha ya waya ikabaki imechomoza. Samahani alisema ataikunja kesho. Kesho hiyo ilikuwa na umri wa kuanza shule. Asubuhi moja akaingia mwalimu mstaafu, mkubwa wa benchi letu, akatoa salamu akiwa bado mlangoni. Huyu Mwalimu ndiye aliyemfundisha Samahani kusoma, na ndiye aliyemfundisha, kwa rula, kumtazama mtu mzima anaposema. Kwa mtu kama huyo kugeuza shingo hakutoshi. Samahani aligeuka mzimamzima, na ugoko ukapita juu ya ncha ya waya.

Hakikuwa kidonda cha kutisha. Kilikuwa kama kifungo cha koti, pale mbele ya mguu ambapo ngozi imelala moja kwa moja juu ya mfupa. Alijipaka dawa ya kopo, akateremsha suruali, akaendelea na kazi. Na hapo mambo yangeishia, kama si Mwalimu kuuliza kesho yake kinaendeleaje, na Samahani, kwa malezi yale yale, kupandisha suruali amwonyeshe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayeyafunulia benchi zima kila asubuhi.

Mwalimu alikiinamia, akasema dawa ya kopo si ya kazi hiyo: kidonda cha mfupani huoshwa kwa maji ya majani ya mpera yaliyochemshwa, alisoma mahali. Mwashi akasema mpera ni wa kuharisha, kidonda kinataka utomvu wa papai bichi, unaokula uchafu wote; yeye nyundo ilimponda kidole akapaka papai, na kidole hicho hapo. Akakionyesha. Kilikuwa kimepinda, lakini kilikuwepo. Fundi saa, ambaye meza yake iko jirani na ambaye huongea mara chache kama saa ya ukutani, hakuwa na jani lolote. Alichofanya ni kuvaa kile kioo chake cha jichoni cha kutazamia magurudumu ya saa, akapiga goti, akakagua, akatoa taarifa: upande wa kushoto umenyooka, wa kulia unasuasua. Tangu siku hiyo akawa mkaguzi rasmi, na hakuna aliyenyolewa kabla hajatoa taarifa.

Mwenye busara angechagua dawa moja. Samahani angechaguaje? Kumkubali Mwalimu ni kumkataa Mwashi, kumkubali Mwashi ni kumkataa aliyemfundisha alfabeti, na kuwakubali wote wawili ni kulikataa kopo lililompa mke. Akafanya kama alivyofanya kwa redio. Akapanga zamu. Leo mpera, kesho papai, keshokutwa kopo, na siku inayofuata ni ya wageni: yeyote aliyeingia kunyolewa akiwa na jani lake na ushuhuda wake alikaribishwa. Yule wa majani ya mgomba alipata siku yake, yule wa majivu naye, na mmoja aliyekuja na kitunguu saumu ambaye mpaka leo hatujui alikuwa anakwenda wapi nacho. Mwalimu aliubariki mpango huo kwa methali, akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kuna methali nyingine juu ya kuchamba kwingi, lakini hiyo hakuna aliyeikumbuka wakati ule, nami siimalizii hapa kwa heshima ya wasomaji.

Kila asubuhi, basi, kikao kilifunguliwa kwa kufungua kidonda. Samahani aliketi kitini, akapandisha suruali, akabandua kitambaa cha jana. Kama kimegandana anakiloweka, kisha anakivuta huku uso umekunjamana na sisi tumekunja nyuso kumsaidia. Fundi saa anavaa kioo. Mwenye zamu anaandaa jani. Tuliobaki tunalinganisha na jana: kimepungua, hakijapungua, kilikuwa na kingo nyekundu, hizo si kingo ni kivuli. Kulikuwa na mabishano matamu kuliko ya mpira, maana mpira huna uwezo wa kuugusa.

Kidonda nacho, kama mtoto anayelelewa na mashangazi wengi, kikakosa adabu. Kutoka kifungo cha koti kikawa kifuniko cha soda. Siku ya papai kiliwaka moto mpaka ngozi ya pembeni ikawa nyekundu, na Mwashi akasema ndiyo dalili ya kazi. Siku ya mpera kililowa kikawa cheupe kama kidole cha mfua nguo, Mwalimu akasema hayo ni mafanikio. Kilianza kutoa maji, kisha kitu kilichokuwa si maji. Samahani akawa anaegemea kiti akinyoa. Baadaye akaazima stuli ya fundi saa akawa ananyoa amekaa, akizunguka kichwa cha mteja kwa kuisukuma stuli, ikilia sakafuni kama mbuzi.

Sasa hapo ndipo penye shaka ya kweli. Watu hudhani kinyozi ni mikono. Kinyozi ni miguu. Anasimama tangu asubuhi, anazunguka kichwa kama mwezi unavyozunguka dunia, na siku miguu ikigoma, mikono hiyo hodari itabaki nyumbani kumenya viazi. Samahani alijua. Kati ya wateja alianza kuutazama mguu wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyesema atakaa siku mbili.

Mama Samahani ndiye aliyeona kwamba mumewe hapandi tena ngazi za nyumba bila kushika ukuta. Alikuwa mshonaji, na alizungumza kama mshonaji. Alimwambia, akiwa na pini mdomoni, kwamba yeye akishona gauni halafu kila mpita njia alifumue kidogo aone uzi, gauni hilo halitavaliwa hata kaburini. Samahani akamjibu kwamba watu wana nia njema. Mkewe akatoa pini mdomoni. Akasema nia njema ndiyo iliyojaa mguuni, na inanuka. Kisha akampigia simu mdogo wake.

Asubuhi iliyofuata Samahani alikwenda zahanati, nasi tukamsindikiza. Asisemwe vibaya mtu yeyote: kila mmoja alikwenda kulinda maslahi. Mwalimu alibeba chupa ya chai iliyojaa maji ya mpera, Mwashi papai bichi ndani ya mfuko, fundi saa kioo chake. Shemeji alitutazama mlangoni mwa chumba cha vidonda, akamwingiza mgonjwa, na sisi akatuonyesha benchi la koridoni kwa kidole. Tukakaa. Benchi ni benchi. Mlango aliuacha wazi, na baadaye tulielewa kwamba hakusahau.

Alimtoboa kidole, akapima sukari. Akapima na vingine alivyotaka kupima. Kisha tukamsikia akibandua kitambaa cha jana.

"Shemeji," akasema, "hapa kuna kidonda au kuna saladi?"

Samahani akaanza kueleza mpango wa zamu, kwa haki zote, bila kumsahau hata wa kitunguu saumu. Muuguzi alimwacha amalize. Alikuwa anamwagia maji safi ya chumvi na kuondoa vipande vya majani kwa kibano, na kila kipande kilipoangukia kwenye bakuli la chuma, kikitoa mlio mdogo, mmoja wetu pale koridoni alijikuna.

"Sikiliza," akasema. "Sukari yako iko sawa. Damu yako haina neno. Hiki kidonda hakina ugonjwa, kina wageni."

Samahani akauliza kwa upole ana maana gani.

"Ngozi changa inaota. Inaota kila siku, maskini, inajitahidi. Halafu asubuhi nyinyi mnaibandua muione imeota kiasi gani. Mkishaiona, mnaipaka kitu ambacho haijawahi kukutana nacho. Kikizama hiki mpaka mfupani, utalazwa, na wa kuamua juu ya mguu wako sitakuwa mimi. Umenielewa? Kunyoa ndio basi."



Shemeji akaweka shashi safi, akafunga bendeji kuanzia kifundo kwenda juu, mizunguko imelalana kama vigae, akaibana mwisho kwa gundi. Masharti yalikuwa machache. Bendeji haifunguliwi na mtu ila yeye, mle ndani, kwa mikono iliyonawa. Mguu uinuliwe juu akipumzika. Ule waya wa kiti ukunjwe leo. Na benchi liambiwe hapana.

"Wote?" akauliza Samahani.

"Wote."

"Na Mwalimu?"

"Hasa Mwalimu."

"Nimesikia," akasema Mwalimu kutoka koridoni.

"Ndiyo maana nikaacha mlango wazi, baba."

Samahani akakusanya ujasiri aliobakiwa nao, akauliza kuhusu kopo. Je, ni la kumwaga? Sote tukasogeza masikio. Kwa kweli tulitegemea tusi. Badala yake sauti ya muuguzi ikalainika kidogo, kama mkate uliochovywa. Alisema kwa michubuko ya wembe aendelee nalo, ila kijiko kioshwe na kidole kinawe kabla ya kuchovya. Yeye mwenyewe ana mshubiri kwenye chungu dirishani, akiungua na pasi anaukata. Wapo wenzake waliosomea na kuandika juu ya mwarobaini na papai na kupima kipi kinasaidia nini, lakini wao hupima kimoja kimoja, katika vyombo safi, wala hawapigi kura.

"Miti haina kosa," akasema. "Kosa lina miguu, limekaa koridoni."

Hapo Mwashi akalisukuma papai lake chini ya benchi kwa kisigino.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwetu. Mgonjwa alikuwa na bendeji, sisi hatukuwa na kitu. Fundi saa alivaa kioo chake kwa mazoea, akaikagua bendeji, akatoa taarifa kwamba ni nyeupe. Tulijaribu kurudi kwenye mpira na bei za vitu, tukakuta mazungumzo yamepata kutu. Kwa kukosa la kutazama chini, tukatazama juu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi tukaona, si kujua tu, jinsi tunavyonyolewa. Mwashi ndiye aliyesema. Alikuwa kitini, akajitazama kiooni, akashangaa kwa sauti ya mtu aliyegundua ufa kwenye ukuta wake mwenyewe: "Kumbe huyu anatukata kila siku?"

Samahani mwenyewe alikuwa kwenye mateso mengine. Kidonda kilianza kuwasha. Kinachopona huwasha, shemeji alimwonya, lakini kuonywa hakukuni. Alisimama akisugua bendeji kwa kisigino cha mguu wa pili, akanyoa kama korongo. Na uvumi nao haukulala. Ilisemwa kwamba humo ndani pamegeuka kijani. Ilisemwa kwamba shemeji anaficha. Mwashi akapendekeza, kwa nia njema ile ile yenye harufu, wafunue kona tu, si kidonda chote, kona.

Samahani akasema ataangalia. "Nitaangalia" ndilo lilikuwa neno lake kubwa kuliko yote la kukataa, na sote tulijua halina mlango wa kumzuia mtu.

Ndipo akaja Mwalimu. Alikuja na chupa ya mpera, akaketi kitini, akaipakata, akasubiri apakwe povu. Upande wa kulia ukanyolewa. Samahani akahamia wa kushoto, na Mwalimu akaanza. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba yeye si mtu wa kusemwa koridoni. Kwamba maji haya ameyachemsha mwenyewe tangu alfajiri. Kwamba kuna mtoto mmoja aliyekuja shuleni kwake hajui hata kushika penseli, na leo mtoto huyo ana duka, ana kiti, ana jina. Hakuomba malipo. Alichoomba ni kuona.

"Fungua," akasema. "Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma."

Samahani aligeuka kumtazama, kama kawaida. Wembe ulikuwa chini ya sikio la Mwalimu, na sisi wa benchi tukafumba macho kwa niaba yake. Tulipofumbua, wembe ulikuwa umesimama hewani, na mkono wa pili wa Samahani ulishashika suruali kwenye goti. Ilianza kupanda. Ikafika kifundoni, ikaendelea, bendeji ikaonekana yote, ule mwisho wenye gundi ukiwa umejikunja kidogo kama ulimi unaoita. Hata paka alinyanyua kichwa.

Suruali ikashuka.

"Hapana, Mwalimu."

Tulisubiri neno lake la kawaida lifuate. Halikufuata.

"Hapana nini?" akauliza Mwalimu, kama anayempa mwanafunzi nafasi ya kusahihisha jibu.

"Hapana sifungui. Na ukae kimya, nina wembe."

Mwalimu aliinuka. Aliinuka na taulo shingoni na povu upande wa kushoto, akabana chupa yake kwapani, akatoka barabarani hivyo hivyo, nusu mzee nusu kijana. Watu walimpisha. Samahani alibaki amesimama na wembe mkononi. Kisha akafuta wembe, akaita, "Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Mwashi. Akafungua mdomo aseme jambo juu ya kona, akakutana na macho ya Samahani kiooni, akaufunga. Alinyolewa kimya kimya kuanzia sikio hadi sikio. Aliposhuka kitini alijipapasa kidevu, akapapasa tena, akatazama vidole vyake. Havikuwa na damu. Alikwenda akakaa benchini na uso wa mtu aliyerudishiwa mzigo usiokuwa wake.

Basi ikawa hivyo. Neno lile likishatoka mara ya kwanza hujua njia. Mtu akianza hadithi benchini, Samahani alisema "subiri," macho hayakuondoka shavuni, na hadithi ilisubiri. Redio mpya iliwekwa sauti moja ikabaki hapo. Waya wa kiti ukakunjwa. Na kila alipotoka kwa shemeji yake alirudi akikanyaga vizuri zaidi, bila kusema lolote, na stuli ya fundi saa ikarudi kwa mwenyewe.

Mwalimu alinuna. Alijimalizia upande wa kushoto nyumbani, kwa mkono wake, na habari zilizotufikia ni kwamba alijikata hasa, kidevuni, na hakuwa na kopo. Baada ya hapo akafuga ndevu kwa msimamo. Alipita mbele ya mlango wetu kila siku akitazama mbele, na ndevu zikatazama mbele pamoja naye.

Siku bendeji ilipotolewa kabisa, Samahani alikuja, akaketi, akapandisha suruali kwa hiari yake. Pale palipokuwa na kifuniko cha soda palikuwa na ngozi ya waridi, nyembamba, inayong'aa, laini kama kope. Fundi saa alivaa kioo, akapiga goti, akachukua muda wake wote. Akasema saa inakwenda.

Hapo hapo Mwashi akasema ni papai. Lilishakula uchafu wote, bendeji ikaja kukuta kazi imekwisha. Mtu wa majani ya mgomba, ambaye hatukumwona tangu siku yake, alitokea tusikojua na kudai haki yake. Wa kitunguu saumu alituma salamu. Samahani aliwasikiliza wote, kisha akachovya kidole kilichonawa ndani ya kopo, akapaka ngozi mpya kote pembeni isikauke, kama alivyoagizwa na shemeji, akateremsha suruali. Maonyesho yakafungwa moja kwa moja.

Kesho yake kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Mwalimu, nyuma ya ndevu zake. Alitoa salamu akiwa kizingitini, na tukaona shingo ya Samahani ikitaka kugeuka, ikajizuia mpaka wembe ulipotua mezani salama. Ndipo akageuka, mzimamzima, akamwamkia kama zamani. Wakatazamana. Mwalimu akaketi kitini bila kutaja mpera, na Samahani akapaka povu bila kutaja hapana.

Ilikuwa kazi ndefu. Mara mbili Mwalimu alitaka kusema, mara mbili akaambiwa subiri, akasubiri. Alipofutwa povu alikuwa na uso msafi kama sahani, usio na hata mkwaruzo. Alijitazama upande huu na upande ule. Akaondoka.

Hakufika mbali. Tulikuwa hatujamaliza kumsema aliporudi, akasimama pembeni ya kiti, akashusha sauti. Alieleza kwamba amekutana na mkewe hapo kona. Amemuuliza alikokuwa, naye akasema kwa Samahani. Mkewe akamkagua shavu la kulia, akamkagua la kushoto, akaona pote pasafi, hakuna njano wala nini. Akamuuliza mara ya pili alikokuwa, na safari hii hakuuliza kwa wema.

Samahani akafungua kopo.

"Nikupake wapi, Mwalimu? Sijakukata."

"Popote," akasema Mwalimu, akaketi, akafumba macho kwa mazoea.